Kwa Nini Bibi Harusi Hupewa Mzinga Mtupu

Nimesikia kicheko huko nyuma. Mmoja wenu amesema kwamba mzinga mtupu ni zawadi ya mtu bahili, na wengine mmemwitikia. Sikasiriki. Hata mimi nilipoletewa wangu siku ya ndoa yangu niliuchungulia ndani nikitafuta asali, nikakuta masizi tu. Basi nyinyi endeleeni kumsuka Limi, mimi niendelee kuubabua mzinga wake kwa moto wa nyasi kama inavyompasa shangazi wa bibi harusi, na huku mikono ikifanya kazi niwape habari hii kuanzia kwenye shina lake. Mwenye swali alishike mpaka nimalize.

Zamani mizinga haikutundikwa mitini. Nyuki walikaa na watu kama kuku wanavyokaa na watu leo. Kila boma katika nchi hii ya miyombo lilikuwa na ukuta wake wa nyuki, mizinga imelazwa juu ya vichanja chini ya ukingo wa paa, huu umegusana na huu, na kadiri ukuta ulivyojaa ndivyo mwenyewe alivyotembea kifua mbele. Hakuna aliyetoa mzinga uliorithiwa, hata ukiwa mbovu. Kuutoa mzinga wa babu ilikuwa kama kuizika nyumba ya babu. Na moto ulikuwa mwiko upande ule. Jiko lilijengwa ng'ambo ya pili ya uwanja, na mtoto aliyekimbia na kijinga cha moto karibu na mizinga alichapwa, hata kama hakuunguza kitu. Kwa hiyo nyuki wa siku hizo hawakuijua kabisa harufu ya moshi.

Aliyetaka asali alisema na nyuki. Walielewa maneno yetu wakati huo, na sisi tulielewa mvumo wao. Mtu alifika mdomoni mwa mzinga akasema, "Nisogeeni kidogo, nachukua sega moja," nao wakasogea. Ubaya ni kwamba aliyesema sega moja alichukua yote. Aliyesema mvua iko karibu, mtajaza tena, alijua fika kwamba mvua haiko karibu. Nyuki waliendelea kusogea kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, lakini kuamini waliacha zamani. Hilo mlishike, tutalirudia.

Sasa, desturi ya harusi. Msichana akiolewa, mama yake alifungua mzinga wa kwao, akakata sega zuri kuliko yote, lenye majana, yaani watoto wa nyuki, na nyuki wenyewe wamelishika. Sega likawekwa kwenye kapu, likafunikwa majani mabichi, bibi harusi akalibeba kichwani mpaka kwa mumewe na kulitia katika mzinga wa mumewe. Walisema watoto watachanganya damu za nyumba mbili, na sega litachanganya asali zake. Ilikuwa desturi nzuri kuitazama. Wanawake walikuwa wakitoka milangoni kumwangalia bibi harusi akipita na kapu linalovuma.

Ndivyo Nyamizi alivyofika kwa mumewe Mihayo. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye maneno machache, na akianza jambo haliachi. Mama mkwe wake aliitwa Kashindye, mjane, na mzinga wa Kashindye ulijulikana nchi nzima. Mumewe aliuchonga kwa gogo la mninga walipooana, na kila mtoto wao alipozaliwa alichukua tezo akachonga alama mdomoni mwa mzinga. Alama zilikuwa kadhaa. Aliyebaki hai alikuwa mmoja, Mihayo, alama ya mwisho. Wengine walizikwa nyuma ya boma, na asubuhi Kashindye alipopita kwenda kisimani alizigusa alama zote kwa kidole, ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akaenda zake.

Nyamizi alitia sega lake katika mzinga wa Mihayo, uliokuwa pembeni ya ukuta, na kwa muda mambo yalikuwa mema. Kisha mzinga ule ukaanza kunyong'onyea. Mvumo ulipungua. Vifuniko vya nta juu ya majana, ambavyo vikiwa vizima huwa vimeumuka kidogo, vilibonyea na kutoboka. Harufu ikatoka, kama ngozi mbichi iliyosahauliwa ndani ya maji. Nyamizi alitia mwiba katika tundu moja akitegemea kumkuta mtoto wa nyuki, mweupe na mnono, na mwiba ukatoka na kitu cha rangi ya udongo kinachovutika kama mlenda. Kabla ya mavuno ya mtama, nyuki wote wa Mihayo walikuwa wamekufa. Baadaye habari ikaja kwamba mzinga wa mama yake Nyamizi ulikuwa umekufa kabla ya huo, kwa harufu ile ile.

Haikuwa nyumba mbili tu. Ugonjwa ulizuka hapa, ukaruka boma, ukazuka kule. Mtemi aliita baraza, na wazee wakasema ni husuda, jicho baya la majirani, na dawa ya husuda ni ukarimu. Kwa hiyo ikaamriwa kwamba kila mwenye mzinga wenye nguvu awape sega wale ambao mizinga yao imedhoofika. Watu walitii kwa moyo mweupe. Walikatiana masega, wakapelekeana kwa makapu huku wanaimba. Nia ilikuwa njema, na ndiyo iliyowamaliza nyuki. Nyuki wa waliopokea sega walikufa, na nyuki wa watu waliotoa, ambao walichovya kisu kile kile katika mzinga wa jirani na kurudi nacho nyumbani, walifuata.

Mwisho ukabaki mzinga mmoja unaovuma katika nchi nzima, nao ni wa Kashindye, ambaye kisu chake hakikuwahi kuingia mzinga wa jirani. Maua ya mibuni pori yalichanua na kudondoka bila mdudu wa kuyagusa, na matango shambani yalinyauka yakiwa madogo kama kidole. Mtemi akatuma mjumbe: mwezi ukiandama, mzinga wa Kashindye utafunguliwa mbele ya wote na kila ukuta utapewa sega lake, ili nyuki waanze upya. Kashindye alikubali. Nani asingekubali kuombwa na nchi nzima?

Nyamizi peke yake hakufurahi. Kuna kitu kilichokuwa kikimkereketa tangu mzinga wa mama yake ufe, na hakuwa na jina la kukiita. Alichukua fimbo na kibuyu cha maji akaanza kuzunguka boma kwa boma. Kila alipofika aliuliza maswali mawili: bibi harusi wa hapa alitoka wapi, na nyuki walikufa lini. Wengine walimcheka, wengine walidhani amechanganyikiwa kwa kufiwa na mzinga. Yeye aliuliza, akaamkia, akaendelea. Alipomaliza njia aliweza kuuona ugonjwa wote ulivyokwenda, na ulikuwa umekwenda kwa miguu ya mabibi harusi. Ulianza kijiji cha mto, ukafuata kapu la harusi mpaka kwa mama yake, na kutoka kwa mama yake ukamfanya yeye mwenyewe mpagazi wake. Alirudi nyumbani akiwa na uchungu ambao hakuweza kumweleza mtu njiani.

Akiwa uwanjani alisimama kutazama ukuta, na hapo akaona jambo lingine. Nyuki wa Kashindye walikuwa wanaingia katika mzinga uliokufa wa Mihayo. Wanaingia wepesi, wanatoka wazito. Asali ya wafu ilikuwa bado imo ndani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuutoa mzinga ukutani, na nyuki haachi asali ya bure. Walikuwa wakiibeba kwenda kwao.

Nyamizi aliufungua mzinga mkuu, ule wa Kashindye, akawaomba nyuki wasogee, akatoa sega la pembeni. Lilikuwa zuri karibu lote. Ukingoni tu palikuwa na vifuniko vichache vilivyobonyea. Alitia mwiba, akavuta, na ule uzi wa mlenda ukaja. Alikaa chini pale pale, na mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa yule yule aliyemwogopa kuliko wote.

Kashindye alikuwa anatwanga.

"Mama, mzinga wako unaumwa," akasema Nyamizi.

"Mzinga wangu unavuma mpaka nasikia nikiwa kisimani. Masikio yako yana nini?"

"Unavuma, mama, lakini ugonjwa umeingia. Ni mimi niliyeuleta hapa, katika kapu la harusi."

Kashindye aliuacha mchi ndani ya kinu. "Na dawa yake?"

"Tuwatoe nyuki wenyewe, bila sega, bila asali, bila majana. Tuwape mzinga mpya mbali na hapa. Na huu tuuchome, pamoja na yote iliyokufa ukutani."

"Unajua mumeo ni alama ipi pale mdomoni?"

"Ya mwisho, mama."

"Na zilizotangulia ni za nani?"

Jibu lilikuwa nyuma ya boma, na wote wawili walijua.

"Basi usinitajie moto tena," akasema Kashindye, akaushika mchi wake.

Mimi simlaumu. Kuna watu hapa wamehifadhi kikombe cha marehemu mwaka wa ishirini sasa, na hakuna anayewaambia wakivunje. Lakini Nyamizi naye simlaumu, kwa sababu hakunyamaza. Alikwenda kwa mumewe. Mihayo alikuwa mtu wa kukimbia ugomvi, na ugomvi kati ya mama na mke ndio alioukimbia kwa kasi zaidi. Alisikiliza, akakuna kichwa, akachukua shoka. "Mimi nakwenda kuchonga mzinga," akasema. "Kuchonga mzinga si kugombana na mtu." Akakata gogo, akalipasua, akalitoboa kwa tezo, na alifanya kazi safi kama baba yake.

Mzinga mpya Nyamizi aliubabua ndani kwa nyasi zinazowaka, huko huko msituni, ili kama mti una uchafu wake uishe. Kisha kwa kamba za magome wakautundika juu mtini, mbali na boma, mahali ambapo hakuna ukuta wala mzinga mwingine wa kuugusa. Watu walipita wakauliza tangu lini nyuki wakawa ndege. Nyamizi aliwaamkia akaendelea na fundo la kamba.

Mzinga ukawa tayari, na mwezi ulikuwa umebakiza kidogo kuandama. Nyamizi alikwenda mdomoni mwa mzinga mkuu akasema na nyuki. Aliwaambia kila kitu, akawaomba watoke wamfuate.

Malkia wao akamjibu kwa mvumo wa chini. "Tumeyasikia maneno ya watu siku nyingi. Mlisema kidogo, mkachukua yote. Mlisema mvua, jua likatuua. Leo unatuambia tuwaache watoto wetu. Upande wenu nani ameacha nini?"

Alichokuwa Nyamizi akitaka kiachwe hakikuwa chake. Akajaribu nguvu. Aliingiza mkono akaanza kuwachota nyuki kwenye kapu jipya. Wakamchoma, na kila aliyemchoma alikufa na kuanguka miguuni pake, maana mwiba wa nyuki hutoka na matumbo yake. Alivumilia maumivu. Kilichomshinda ni kuwaona wakianguka. Alikuwa anawaua wale wale aliotaka wapone, akautoa mkono.

Kashindye alimkuta nyuma ya ghala akiushikilia mkono uliovimba mpaka kiwiko.

"Nani alikutuma?" akauliza, huku anauosha kwa maji ya chumvi, na hakuuosha kwa upole.

"Hakuna, mama."

"Na kesho?"

"Kesho nitatumia huu mwingine."

Kashindye aliyamwaga maji ya chumvi. Alikuwa amewahi kuona ukaidi mwingi, wake mwenyewe ukiwamo, na aliujua ukaidi wa mtu anayetaka kushinda na ule wa mtu anayeogopa kupoteza. Akamfunga mkono kwa kitambaa. "Nionyeshe," akasema.

Wakaenda wote wawili. Nyamizi alitoa sega kwa mkono mzima, na Kashindye mwenyewe akashika mwiba, akautia, akauvuta uzi. Akavuta tena tundu la pili. Lakini si uzi uliomshika. Aliwaona nyuki waliosimama juu ya vile vifuniko vilivyobonyea. Chini yao hapakuwa na mtoto tena, palikuwa na uozo, nao waliendelea kuulalia wauweke joto. Mmoja alisukumwa kwa ncha ya mwiba akarudi pale pale.

"Nilikaa hivi hivi," akasema Kashindye taratibu. "Na yule mtoto wa pili, amekwisha kufa mapajani mwangu. Walikuja kunitoa kwa nguvu."

 Wakalirudisha sega, wakafunika mzinga, wakaenda kupika.

Mwezi ukaandama. Kulipokucha uwanja wa Kashindye ulijaa watu waliovaa vizuri, kila nyumba na kapu lake na kisu chake, na Mtemi ameketi kwenye kigoda mbele. Kashindye alitoka nje amejifunga nguo kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Hakwenda kwenye mizinga. Alivuka uwanja mpaka jikoni, akatoka na kienge cha nyasi kinachowaka, akaanza kurudi nacho upande ambao moto haukuwahi kufika. Watu wakasimama.

"Kashindye," akasema Mtemi, "hiyo ni nini?"

"Mtemi wangu, sega langu ni ugonjwa. Sitampa mtu."

"Nchi nzima imekuja kupokea."

"Basi nchi nzima itazame."

Wanaume wawili walitaka kumzuia, na Nyamizi akasimama mbele yao na mkono wake uliofungwa. Hakuinua sauti. Aliwaambia, "Mzinga una mwenyewe." Hiyo ilikuwa sheria ya zamani kuliko Mtemi, na wakaishia hapo.

Kashindye alikusanya nyasi chini ya mzinga wa mumewe, akazitia moto, akafunika majani mabichi juu ili moshi utangulie na moto ufuate. Kisha akaweka kidole kwenye alama, ya kwanza mpaka ya mwisho, na watu wakamwona akifanya hivyo. Akainama mdomoni mwa mzinga.

"Sikilizeni," akasema. "Sijaja kuchukua. Mzinga huu ni wangu, na alama hizi ni watoto wangu, na moto huu nimeuwasha kwa mkono wangu. Mimi naacha. Nanyi acheni. Kunyweni ya njiani, mtoke."

Moshi ukaingia. Nyuki hawakuwa wameujua kamwe, na mwanzo mvumo ulipanda mpaka watu wa mbele wakarudi nyuma. Kisha malkia akawaambia watu wake maneno machache: "Huyu haombi kitu." Na mvumo ukashuka. Kila nyuki aliacha alichokuwa akifanya, akatia kichwa katika tundu la asali, akanywa. Hata wale waliokuwa wakilalia majana yaliyooza waliinuka, wakaenda kunywa. Walikunywa mpaka matumbo yakawa mazito na yasiweze kupinda, na nyuki asiyeweza kupinda tumbo hachomi. Wakatoka kwa mkururo, wakajikusanya ndani ya kapu la Nyamizi, malkia akiwa katikati. Waliobaki walimtambalia Nyamizi mkononi mpaka begani, na hakuna hata mmoja aliyemchoma.

Moto ulipanda nyuma yake. Mninga mkavu wenye nta na asali huwaka kwa nguvu, na ule uliwaka mpaka ukuta wote wa mizinga iliyokufa ukashika. Kashindye alisimama karibu kuliko ilivyofaa, akautazama mdomo wa mzinga mpaka alama hazikuonekana tena. Alilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Ndipo Mtemi akainuka kwenye kigoda chake, akakitupa kisu chake motoni, kisha na kapu. Watu wakamfuata, kapu baada ya kapu, na jioni ile kila boma lilikuwa linachoma ukuta wake.

Nyamizi aliwamimina nyuki katika mzinga mtupu kule mtini, akaziba mdomo kwa nyasi. Humo hawakuwa na kitu isipokuwa walichobeba tumboni. Kama kulikuwa na ugonjwa katika asali ile, ilibidi uishe nayo, kwa maana asali yote waliyobeba waliigeuza nta kwa kujenga. Nyamizi alishinda chini ya mti akipanda kila mara kuweka sikio kwenye gogo. Hakuwa na uhakika. Msimwone kama mtu aliyejua. Alikuwa mtu aliyeamua. Mvumo ulipokuwa mdogo alikosa hamu ya kula, na ulipobadilika ukawa wa kazi, Mihayo alipanda na chakula chake wakala wote wawili juu ya tawi.

Alipozibua mdomo, nyuki walitoka moja kwa moja kwenda kwenye maua. Alipofunua, alikuta masega mapya, meupe kama maziwa. Akasubiri tena mpaka majana yafunikwe. Siku hiyo Kashindye alikuja naye mpaka chini ya mti. Nyamizi alipitisha mwiba kwenye moto, akautia katika tundu, akauvuta. Mwiba ulitoka mkavu, na ndani ya tundu alilala mtoto wa nyuki, mweupe na mnono.  Nyamizi aliushusha mwiba mpaka kwa mama mkwe wake, na Kashindye akauangalia mbele na nyuma.

Mihayo alikuwa amekuja na tezo ili achonge zile alama upya. Mama yake akamzuia. "Ninawajua bila mti," akasema.

Kutoka mzinga ule makundi yalizaliwa, yakagawanyika, yakaenda kukaa katika mizinga mingine mitupu ambayo watu walikuwa wameitundika msituni kwa kuiga. Nchi ikarudi kuwa na matango. Wakati wa kurina ulipofika, Mihayo alipanda na kienge cha moshi, kwa maana maneno matupu nyuki hawakuyataka tena. Mara tu moshi ulipogusa mdomo wa mzinga, mvumo ukashuka, na kila nyuki akatia kichwa kwenye asali akaanza kunywa kwa haraka.

Kashindye alikuwa chini, akasikia mvumo unavyoshuka, na alijua maana yake kabla ya mtu yeyote. "Wanadhani wanahama," akasema. "Waambie."

"Niwaambie nini, mama?"

"Gonga mzinga. Waambie si leo. Halafu chukua ya pembeni, na yenye majana usiiguse, ili wajue umesema kweli."

Mihayo akagonga kwa vidole, akasema, "Si leo." Akachukua masega ya pembeni, akafunika, akashuka.

Na tangu siku hiyo nyuki wakisikia moshi hukimbilia kunywa asali, maana kila kizazi kimekiambia kinachofuata kwamba moshi ni siku ya kuacha yote. Tangu siku hiyo mizinga hukaa mitini, mmoja mbali na mwenzake, na mrina asali hupitisha kisu chake motoni kabla ya kugusa mzinga mwingine. Na kabla hajafunua hugonga, akasema si leo, kisha akabakiza sega la majana. Wapo wanaosema nyuki hawaelewi tena maneno yetu. Huenda. Sisi tunasema hivyo hivyo, kwa sababu mtu akishasema mbele ya mzinga huona haya kuchukua yote.

Na bibi harusi hapewi tena sega la kwao. Hupewa mzinga mpya, mtupu, uliobabuliwa ndani na shangazi yake, ili asibebe ugonjwa wa nyumba moja kuupeleka nyumba nyingine, hata kwa mapenzi. Huu wako, Limi, umeiva sasa. Weka mkono ndani, bado una joto. Msuko umekwisha? Basi mleteeni bakuli la asali ya kwao. Kunywa, mwanangu, kunywa mpaka ushibe, hakuna anayekuhesabia. Miaka yote hii nimekuwa nikiugonga mlango wa mama yako nikimwambia si leo atakapokuacha uende. Leo ndiyo.